Kabla ya kupanda, uliza nani atakaa na mzee

Soko la Karatina huamka kabla ya jua. Ifikapo saa kumi na moja alfajiri siku ya soko, pikapu na malori kutoka Kieni, Mukurwe-ini na Kirinyaga huwa yameanza kushusha kabichi, viazi, karoti na vitunguu, na wanunuzi waliotoka Nairobi wanazunguka wakibonyeza na kukagua. Anayechelewa hukuta walio na pesa wameshajaza magari yao, naye huuza kwa bei ya kutupa. Lakini saa hizo za biashara ndizo saa ambazo mama wa miaka 84, kule kijijini, anahitaji kuamshwa, kuogeshwa, kunyweshwa uji na kupewa vidonge vya presha. Binti anayelima shamba la mama huyo ana soko upande mmoja na kitanda upande wa pili, na yeye ni mmoja.

Katika eneo la Mlima Kenya, kutoka Othaya hadi Chuka, kutoka Naromoru hadi Kerugoya, watu wazima wengi wanaishi ndani ya mgongano huo. Wamerudi nyumbani, au hawakuwahi kuondoka, na wanategemea ekari moja au chini ya hapo kuwalisha wao, watoto wao na wazazi walioishiwa na nguvu. Wanaotoa ushauri wa kilimo huwauliza kuhusu udongo, maji, mbegu na soko. Wahudumu wa afya huwauliza kuhusu presha na sukari. Swali la nani atakaa na mzee siku ya kuchuma huachwa liwe siri ya nyumba. Hata hivyo, swali hilo ni la kilimo sawa na la mbolea, na asiyelijibu kabla ya kupanda hulijibu kwa hasara wakati wa kuvuna.

Kahawa iliyowasomesha ikawapeleka mbali

Wazee tunaowazungumzia walizaliwa miaka ya 1930 na 1940. Serikali ya kikoloni ilipotangaza Hali ya Hatari Oktoba 1952 walikuwa watoto au vijana. Wengi walihamishiwa vijiji vya lazima vilivyozungushiwa mitaro, kisha familia zao zikarejea kwenye mashamba yaliyounganishwa na kupimwa upya. Mpango wa Swynnerton wa 1954 uliwafungulia wakulima Waafrika wa eneo la mlima njia ya kupanda kahawa kwa wingi. Majani chai yakafuata, na KTDA, shirika la chai ya wakulima wadogo, ikaundwa 1964.

Kisha ikaja bahati iliyotoka mbali. Julai 1975 baridi kali iliunguza mikahawa ya Brazil, bei ikapanda duniani kote, na miaka ya 1976 na 1977 pesa ziliingia Nyeri, Murang'a, Kirinyaga, Embu na Meru kwa kiasi ambacho hakikuwa kimeonekana. Zilijenga nyumba za mabati, lakini zaidi ya yote zililipa karo. Watoto wa mkulima wa kahawa wakawa walimu, makarani, wauguzi, wahandisi. Wakaenda Nairobi, Mombasa, Uingereza, Marekani.

Julai 1989 mfumo wa kimataifa wa kugawana soko la kahawa ulivunjika na bei ikaporomoka. Kenya iliyokuwa ikizalisha karibu tani 130,000 kwa mwaka mwishoni mwa miaka ya 1980 leo haifikishi nusu yake. Mikahawa mingi ilitelekezwa au kung'olewa. Watoto waliosomeshwa nayo hawakuwa na sababu ya kurudi.

Mikono pia imepungua. Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa 2014 ulionyesha kwamba mwanamke wa Kirinyaga alizaa kwa wastani watoto 2.3, idadi ya chini kuliko kaunti nyingine yoyote nchini. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya milioni 2.7 wenye miaka 60 na zaidi. Mzee wa leo huenda ana watoto saba wa kugawana zamu, hata kama watano wako mbali. Atakayezeeka baada ya miaka thelathini atakuwa na wawili. Utaratibu usiowekwa sasa utakuwa mgumu zaidi kuwekwa wakati huo.

Mazao yanayongoja na yasiyongoja

Mkulima anayemtunza mzazi asianze na swali la zao lipi lina bei nzuri. Aanze na saa alizo nazo, kwa maana kila zao lina tabia yake kuhusu wakati.

Mishiri, yale maharagwe machanga yanayopendwa na wanunuzi wa kuuza nje, hukomaa kwa siku 45 hadi 50 hivi. Baada ya hapo huchumwa mara mbili au tatu kwa wiki, na ganda likikaa siku mbili zaidi hunenepa na kukataliwa. Mnunuzi pia hutaka kumbukumbu za kila dawa iliyonyunyizwa. Nyanya nazo hazina subira: zinataka kufungwa, kupogolewa na kukaguliwa kila mara, hasa tangu nondo wa Tuta absoluta alipoingia Kenya mwaka wa 2014. Mazao haya hulipa haraka, lakini mzee akipelekwa hospitali ghafla na kulazwa wiki moja, wiki hiyo inaweza kuondoka na faida ya msimu mzima.

Upande wa pili yapo mazao yenye subira. Avokado aina ya Hass ikishakomaa inaweza kubaki mtini kwa wiki kadhaa bila kuharibika. Makadamia huanguka yenyewe na kuokotwa chini. Nduma hukaa ardhini, na mtu huchimba tano leo za kupika na ishirini kesho za kuuza. Ndizi hukatwa mkungu kwa mkungu. Mazao haya hayatajirishi mtu kwa msimu mmoja, na mche wa avokado uliopandikizwa unataka takriban miaka mitatu kabla ya kuzaa. Faida yake ni kwamba hayakuadhibu ukikosekana.

Kahawa iko katikati. Mavuno makuu huanguka kati ya Oktoba na Desemba, na cheri zinazochumwa asubuhi sharti zifike kiwandani siku hiyohiyo. Ila wachumaji hulipwa kwa debe, hivyo kazi inaweza kupewa vibarua huku mwenyewe akibaki karibu na nyumba. Majani chai nayo huchumwa kwa kilo, kwa mzunguko unaojulikana, na malipo ya kila mwezi ya KTDA hufuatwa na bonasi mwishoni mwa mwaka wa biashara. Kwa mtu mwenye dawa za kununua kila mwezi, pesa ndogo zinazokuja kwa tarehe inayojulikana zina thamani kuliko pesa kubwa zinazokuja kwa kubahatisha.

Ng'ombe wa maziwa ni kisa cha peke yake. Humfunga mtu nyumbani asubuhi na jioni kila siku ya mwaka. Lakini mzee asiyejiweza tayari amemfunga mtu huyo nyumbani asubuhi na jioni, na vifungo viwili vya saa zilezile vinaweza kubebwa pamoja. Chama cha maziwa, kama kile cha Wakulima cha Mukurwe-ini, hukusanya maziwa karibu na nyumba na kulipa kwa mwezi. Kinachovunja hesabu ni majani. Nani atakata nepia na kuibeba? Kazi hiyo ndiyo ya kumpa kibarua kwanza, kwa sababu ndiyo inayomtoa mtunzaji mbali na nyumba.

Kuna pia suala la majira. Viazi vinavyopandwa na mvua za Machi na Aprili hukomaa Juni na Julai. Hiyo ndiyo miezi ya baridi na ukungu mlimani, wakati vifua vya wazee huziba na magoti kukataa kunyooka. Mkulima hujikuta akichimba viazi na kupanga foleni kliniki katika wiki zilezile. Tena viazi vya Shangi, vinavyopendwa na wanunuzi, huchipua haraka vikiwekwa ghalani, kwa hiyo huwezi kuahirisha kuviuza hadi mzee apate nafuu. Anayejua kwamba kila Julai nyumbani kuna mgonjwa apande viazi kidogo msimu wa Machi, na aongeze msimu wa Oktoba.

Mpangilio wa shamba lenyewe pia una maana. Mtu aliyelala kitandani bila kujigeuza anahitaji kugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi ili asipate vidonda. Kwa hiyo sukuma wiki, spinachi, dania na kitalu cha miche viwe karibu na mlango, mahali ambapo mzee akiita anasikika. Avokado, makadamia na nepia ziende bondeni.

Broka au Karatina?

Hakuna mtu anayelaumiwa mashambani kama broka. Analaumiwa kwa haki anapodai lumbesa, gunia lililojazwa kupita kiasi, ingawa kanuni za viazi za 2019 zinataka gunia lisizidi kilo 50. Lakini mkulima mwenye mzee ndani ya nyumba ana hesabu yake.

Tuseme una magunia manane ya viazi, na broka anayekuja mpaka langoni anakupa Sh300 pungufu kwa gunia kuliko bei ya Karatina. Ukienda sokoni unapata Sh2,400 zaidi. Toa Sh1,000 za pikapu na ushuru. Toa Sh500 za mtu wa kukaa na mama kutwa nzima, na Sh200 za chakula na nauli yako. Umebaki na Sh700, na umepoteza siku. Mara nyingine Sh700 hizo ni muhimu. Mara nyingine, mama alipolala vibaya usiku, broka ndiye nafuu. Kosa kubwa ni kwenda Karatina kwa kuamini umepata Sh2,400, kwa sababu tu jirani aliyekaa na mama hakudai kitu, au kwa sababu mtoto wa darasa la saba alibakizwa nyumbani kumwangalia shosho. Gharama hiyo ipo. Imelipwa na mtu mwingine, na ikilipwa na mtoto imelipwa kwa masomo yake.

Njia bora kuliko zote mbili ni ya zamani: kupeana zamu. Wanawake wa mlimani wamezoea vyama vya kuchangiana pesa, vyombo na mabati, na makundi ya kanisani kama Woman's Guild ya PCEA hutembelea wagonjwa tangu zamani. Majirani watatu wenye wazazi wakongwe wanaweza kukubaliana kwamba mmoja apeleke mazao ya wote sokoni, wa pili akae na wazee, wa tatu abaki shambani, kisha wabadilishane. Kinachotakiwa ni daftari, ili zamu isimwelemee aliye mpole.

Elfu mbili za serikali

Serikali haijakaa kando kabisa. Ibara ya 57 ya Katiba ya 2010 inampa mzee haki ya kupata matunzo na msaada unaofaa kutoka kwa familia na kwa taifa. Tangu 2018, mpango wa Inua Jamii umefunguliwa kwa wazee wa miaka 70 na zaidi, ambao hupewa Sh2,000 kwa mwezi. Kwa kupima uzito wa kiasi hicho, mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya ruzuku ulitangazwa mwaka wa 2023 kuwa Sh2,500. Malipo ya mwezi ya mzee hayanunui mfuko mmoja wa mbolea ya bei nafuu. Hayawezi kumlipa mtu wa kumtunza.

Bima nayo inahitaji kupangwa. Oktoba 2024 mfuko wa bima ya afya wa NHIF uliondoka na mamlaka mpya ya SHA ikachukua nafasi yake. Asiye na mshahara hupimwa uwezo wake, na kiwango cha chini kabisa ni Sh300 kwa mwezi, ambacho kwa mwaka ni Sh3,600. Mchango wako unakukinga wewe, mwenzi wako na watoto wenu. Mzazi huhesabiwa kaya yake. Kwa hiyo mtunzaji ana michango miwili ya kufikiria, wake na wa mzazi, na hiyo ni gharama ya kutolewa kwenye mauzo ya msimu kabla ya kununua kitu kingine.

Msaada ulio karibu zaidi ni wa wahamasishaji wa afya ya jamii, ambao serikali iliwapa vifaa Septemba 2023. Wana vipimo vya presha na sukari, na hupita nyumba kwa nyumba. Katika nchi ambayo uchunguzi wa kitaifa wa 2015 ulikuta karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne ana shinikizo la damu, kipimo kinachokuja mlangoni humwokolea mkulima siku nzima ya matatu. Safari za hospitali kubwa, iwe ya rufaa ya Nyeri, Mathari ya Wakonsolata, Tumutumu au Othaya, zibaki za mambo yanayozihitaji. Kwa wagonjwa wa maumivu yasiyopona, Nyeri Hospice ni mlango ambao familia nyingi huugundua zikiwa zimechelewa.

Mti ni wa nani?

Sasa tufike mahali ambapo familia huvunjika. Shamba ni la baba, au hata hatimiliki bado ina jina la guka, yaani babu, aliyefariki zamani. Namba ya uanachama katika chama cha kahawa ni ya baba. Namba ya majani chai ni ya baba. Simu inayopokea ujumbe wa mbolea ya ruzuku ni ya baba. Na baba ameanza kusahau: anauliza mkewe yuko wapi, naye alizikwa miaka sita iliyopita.

Familia nyingi hufikiri hati ya uwakilishi iliyosainiwa kwa wakili itatatua hayo. Hati hiyo ina nguvu wakati mzee bado ana akili zake za kuamua. Akishapoteza uwezo huo, sheria ya afya ya akili inataka mahakama iteue msimamizi wa mali yake. Ni safari ndefu na ya gharama, wakati malipo ya kahawa, ambayo siku hizi hupitia mfumo wa kulipa mkulima moja kwa moja, yamekaa kwenye akaunti isiyofikika. Kwa hiyo karatasi zitengenezwe mzee anapoanza kupoteza funguo, kabla hajaanza kupoteza majina ya watoto. Mtu wa pili aongezwe kwenye akaunti, mrithi aandikwe chamani, na mzee mwenyewe aseme, mbele ya watoto wote, anataka nini.

Halafu kuna anayelima. Sheria ya urithi, iliyoanza kutumika 1981, huwahesabu watoto kwa usawa, wa kike na wa kiume, pasipokuwa na wosia. Huo ni ushindi mkubwa kwa mabinti. Lakini sheria hiyo haimwongezei chochote aliyebaki nyumbani akigeuza godoro usiku. Binti anaweza kupanda avokado arobaini kwenye ardhi ya baba, akazimwagilia miaka mitatu, na baba akifa mpaka ukapita katikati ya miti na nusu yake ikaangukia kaka aliyekuwa akituma pesa kwa M-Pesa kila sikukuu.

Kaka naye si mwizi. Alituma. Anaamini amechangia, na amechangia. Tatizo ni kwamba pesa zake zilikuwa na ujumbe wa kuthibitisha, na saa za dada yake hazikuwa na risiti. Ndiyo maana ni lazima iandikwe, hata kwenye karatasi moja iliyosainiwa na ndugu wote mbele ya mzee wa kijiji: miti hii ni ya nani, mazao yake yanalipa nini kwanza, na aliyeitunza atafidiwaje shamba likigawanywa.

Mzee bado ni mkulima

Katika kupanga yote haya ni rahisi kumgeuza mzee kuwa mzigo wa kuzungushwa. Huyu ndiye aliyepanda shamba hilo. Anajua kona inayoshika ukungu, na upande ambao maji husimama mvua ikizidi. Mzee anayeweza kukaa juani anaweza kupukuchua mahindi, kuchambua maharagwe, kuhesabu magunia yanapotoka. Kazi hizo huipa siku yake mwanzo na mwisho.

Lakini shamba la biashara lina hatari zake. Dawa ya wadudu iliyomiminwa kwenye chupa ya soda ni kifo kwa mtu ambaye kumbukumbu zake zimevurugika. Ifungiwe kwa kufuli. Shimo la maji lifunikwe. Mboga ya mzee ichumwe kwenye tuta ambalo siku za kusubiri baada ya kunyunyiza zimepita, kama inavyozingatiwa kwa mnunuzi wa ng'ambo.

Kikao cha Desemba

Desemba watoto hurudi. Magari ya Nairobi hujaa barabara ya Sagana na Karatina, mbuzi huchinjwa, na kwa siku mbili tatu nyumba ya mzee ina watu. Ndugu humsifu aliyebaki: umefanya kazi kubwa, Mungu atakubariki. Kisha wanaondoka na magunia ya viazi na nduma kwenye buti.

Mwaka huu kikao kifanyike kabla ya nyama. Aliyebaki alete daftari lenye safu tatu: mauzo ya shamba, gharama za mzee, na saa zake mwenyewe zilizopigiwa bei ya kibarua wa kawaida wa eneo hilo. Bei hiyo inajulikana na kila mtu, maana ndiyo wanayolipa wakiajiri mtu wa kulima. Hapo ndugu wachague wazi. Ama wamlipe mtunzaji kutokana na mazao, kabla ya faida kugawanywa au kuhesabiwa, kama mbegu na mbolea zinavyolipwa. Ama waajiri mtu wa kumtunza mzee na kumwacha ndugu yao alime. Ama wapokezane zamu za kurudi nyumbani, likizo kwa likizo. Wanaoshindwa na yote wakubali kwamba sehemu yao ya shamba itapungua, na waandike hivyo.

Litawaudhi wengine kusikia matunzo ya mama yakitajwa kwa shilingi. Watasema mapenzi hayanunuliwi, nao watakuwa wamesema kweli. Lakini mtunzaji asiyelipwa huacha palizi nusu, huuza mazao mabichi kwa broka kwa sababu ya dawa za leo, na hatimaye huugua yeye. Siku hiyo ndugu watalipa shamba lililoanguka na wagonjwa wawili. Mvua za Machi hazingoji mtu, kwa hiyo uamuzi huo ufanywe kabla ya mbegu kununuliwa.